Tairi "Jipya" na Maandishi ya Ubavuni

Mwaka 2012 nilisafiri kwa pikapu pamoja na wanafunzi wangu wawili wa isimu kuelekea Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Tulikusudia kumrekodi mzee mmoja aliyekumbuka maneno ya Kielmolo, lugha ambayo wenyewe wameiacha na kushika Kisamburu. Kabla ya kuondoka Nairobi nilinunua matairi manne yenye meno makubwa ya kutisha. Muuzaji alinihakikishia kwamba yalikuwa mapya kabisa.

Tulipofika penye mawe meusi ya volkeno, tairi moja lilipasuka ubavuni. Tukafunga la akiba. Kabla ya jua kutua la pili likapasuka vivyo hivyo, na hatukuwa na jingine. Tulilala papo hapo tukipimiana maji kwa kikombe, hadi lori la mbuzi lilipotuokoa adhuhuri ya siku iliyofuata. Dereva wake aliinama, akapangusa vumbi kwenye tairi, akaniuliza, "Mwalimu, hapa hukusoma?" Palikuwa na tarakimu nne: 0804. Yaani tairi lilitengenezwa wiki ya 8 ya mwaka 2004. Lilikuwa na umri wa miaka minane! Nasi tulipowasili, mzee wetu alikuwa amekwisha kuondoka kwenda kwa jamaa zake.

Muuzaji hakuwa amesema uongo. Katika Kiswahili, kitu ambacho hakijatumika ni kipya, hata kama kimekaa ghalani muongo mzima. Mpira lakini haujui semantiki. Joto na hewa huukausha taratibu hata ukiwa rafuni, ukapoteza unyumbufu na kuingia nyufa. Tangu kiwanda cha Sameer jijini Nairobi, kilichotengeneza matairi ya Yana, kilipoacha kazi hiyo mwaka 2016, tumezidi kutegemea matairi ya ng'ambo, ambayo hukaa melini na ghalani kabla ya kutufikia. Kwa hiyo tarehe ndiyo ninayoitazama kwanza, kabla ya bei.

Sisi wa shule na vyuo, ambao aghalabu hununua kwa kamati, hudanganywa na meno. Tairi lililoandikwa M/T ni la matope. Katika udongo mweusi wa pamba wakati wa masika halina mshindani, kwa kuwa nafasi pana baina ya meno yake huyatema matope. Kwenye lami hunguruma, hula mafuta, na mvua ikinyesha huteleza kuliko mengine. Pikapu ya shule inayoshinda wiki nzima baina ya lami na murramu yafaa ivishwe A/T. Mawe makali, kwa upande wao, hayajali meno, hutafuta ubavu. Matairi mengi yameandikwa idadi ya tabaka za ubavuni, na tabaka tatu hustahimili kuliko mbili. Yatazame pia herufi LT, yaani tairi la gari la mizigo midogo, na namba ya uzito: 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa kila tairi. Magunia ya mahindi ya shule hayabebwi na meno.

Nakiri kosa langu jingine. Nilikuwa nimeyajaza upepo hadi yakawa magumu kama ngoma, na tairi gumu hukatwa na jiwe upesi. Mchangani na maweni hupunguzwa upepo na mwendo pia, kisha hujazwa tena kabla ya kurudi lamini, kwa sababu tairi lenye upepo haba likienda kasi hupata moto na kupasuka.

Siku hizi huenda dukani na tochi na kitambaa. Wako wauzaji wanaonikasirikia. Mmoja aliniambia kwamba tairi si kitabu. Nilimwomba aligeuze, kwani mara nyingi tarehe huandikwa upande mmoja tu.