Land Cruiser kuukuu iliyobadilishwa injini: nani anajua bei yake?

Katika soko la magari la Nairobi au Arusha si ajabu kukuta pikap mbili za Land Cruiser za mwaka mmoja, zote za miaka ya 1990, moja ikiulizwa karibu maradufu ya nyingine. Ile ghali kwa kawaida ndiyo iliyopita mikononi mwa mafundi zaidi: imefungwa tabo, imeinuliwa, ina winchi, bampa za chuma kizito na matairi yanayochomoza nje ya bodi. Muuzaji akiulizwa bei hiyo kaitoa wapi, hufungua bahasha ya risiti. Makala haya yanashikilia kwamba risiti zile hazitoi bei. Zinatoa gharama, na pengo lililopo kati ya gharama na bei ndilo linaloyafanya magari mazuri yakae miezi chini ya mwembe huku mwenyewe akipunguza laki moja baada ya nyingine, akidhani wanunuzi wa siku hizi hawajui magari.

Lalamiko la wauzaji lina uzito, kwa hiyo lisikilizwe kwanza na lisikilizwe lote. Muuzaji wa magari haya atakuambia kwamba kila mlango wa kifedha umefungwa mbele ya mteja wake. Benki inayokopesha kwa gari la miaka mitano haitaki hata kuitazama logbuku ya mwaka 1994. Kampuni za bima nyingi hukataa bima kamili kwa gari lililopita umri fulani, zikimwachia mwenye gari bima ya mtu wa tatu peke yake, na mthamini akija huandika tarakimu isiyofika hata nusu ya fedha zilizoingia gereji. Kwa hiyo mnunuzi ni lazima awe mtu mwenye fedha taslimu, na mtu wa namna hiyo haji peke yake. Huja na fundi wake, na kazi ya fundi huyo ni kulala chini ya gari na kutoka na sababu za kushusha bei. Dalali naye anataka chake pande zote mbili. Muuzaji anaona ameonewa mara tatu: na benki, na mthamini, na fundi wa mwenzake, ilhali gari alilonalo linapanda mlima ambao gari jipya la bei mara nne litauogopa. Uchungu huo ni wa kweli, na anayeutupilia mbali hajawahi kulipia ovaholi ya injini ya silinda sita.

Upande wa pili upo mzani wa serikali, ambao ndio unaowaudhi zaidi. Nchini Kenya, jedwali la uchakavu linalotumika kwa magari yaliyokwisha kusajiliwa nchini huhesabu kwamba gari lililozidi miaka 15 limepoteza asilimia 95 ya thamani yake. Jedwali hilo si karatasi ya kuwekwa kabatini tu. Ndilo linaloguswa pale gari lililoingia bila ushuru, kama la ubalozi au la shirika la misaada, linapouzwa kwa mtu asiye na msamaha, na Land Cruiser nyingi zilizo sokoni zilianza maisha yake huko huko. Kwa hesabu hiyo rasmi, gari lililozidi miaka 15 limebaki na asilimia tano ya thamani. Hakuna anayeuza kwa asilimia tano, na hakuna ofisa anayeweza kununua kwa bei hiyo hata akijaribu. Jedwali linapima gari kama chombo cha kubebea watu kinachochakaa kwa mwendo uleule, liwe saluni ya mjini au pikap ya chesi nzito. Linapata urahisi wa kukokotoa ushuru na linapoteza soko. Ajabu zaidi, sheria zilezile zinazosema gari limekwisha ndizo zinazolifanya liwe adimu: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na Tanzania, isiyofunga mlango kabisa, hutoza ushuru wa ziada kwa umri. Pikap za zamani zilizopo Kenya ndizo hizo hizo. Zikipungua, zimepungua.

Hapo ndipo mabishano yote ya bei yanapopaswa kuanzia. Kitu kilicho adimu ni chesi isiyo na kutu, bodi isiyokatwa na logbuku inayolingana na vyote viwili. Injini si adimu. Injini za dizeli zilizotumika hushuka bandarini kutoka Japani na Ghuba, na mwenye fedha hupata nyingine. Tabo hupatikana, winchi hupatikana, shokamzoba hupatikana. Mwenye gari aliyetumia fedha nyingi kununua vitu vinavyopatikana, na katika kuvifunga akakata kitu kisichopatikana, ameongeza gharama na kupunguza bei kwa siku moja. Soko haliyasemi haya waziwazi, lakini linayatenda: pikap iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, hata ikiwa nzito na ya polepole, hupata wanunuzi wa aina nyingi, kuanzia mkulima hadi kampuni ya utalii. Iliyobadilishwa kwa ladha ya mtu mmoja humsubiri mtu mwingine mwenye ladha hiyohiyo.

Chukua injini ya 1HZ, ambayo wasomaji wengi wanaijua kwa mlio. Ni dizeli ya silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, iliyoanza kutoka mwaka 1990 bila tabo, na sifa yake yote ni uvumilivu. Huchoma mafuta kwanza katika chemba ndogo pembeni, muundo unaohifadhi joto jingi kichwani. Ukiifunga tabo bila kupunguza kiasi cha mafuta na bila kipimo cha joto la moshi, itakimbia vizuri kwa muda, kisha kichwa kitapasuka au pistoni itayeyuka katika mlima mrefu ukipandisha mzigo. Fundi wa mnunuzi anajua hivyo. Akiona tabo hauoni mwendo kasi, anauona muda uliobaki. Mwingine huing'oa 1HZ na kuweka 1HD-T, iliyoundwa na tabo kiwandani na inayopuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Hiyo ni kazi bora zaidi kiufundi, lakini namba ya injini sasa haifanani na ya logbuku, na mpaka mabadiliko yaandikishwe, mnunuzi ananunua gari pamoja na safari za ofisini. Ndiyo sababu gari lililoboreshwa kweli huweza kuuzwa chini ya lililoachwa, na muuzaji asielewe.

Muuzaji atauliza: anayetaka gari kama hili hawezi kulitengeneza kwa bei nafuu zaidi, basi si afadhali alipe ninachodai? Hoja hii ya gharama ya kuanza upya ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na inakuwa kweli kwa mnunuzi mmoja tu, yule aliyekwisha kuamua kwamba anataka matairi yale, giaboksi ile na winchi ile. Nchini Kenya yuko, hasa miongoni mwa wanaoshiriki Rhino Charge, mashindano ya nyikani yaliyoanza mwaka 1989 kuchangisha fedha za uzio wa Aberdare. Lakini watu hao ni wachache, wanafahamiana, na wengi wao wana mafundi wao. Tuseme, kwa hesabu tu, gari limenunuliwa Sh1.5 milioni na kuingizwa Sh2 milioni. Katika zile milioni mbili, zilizokwenda kwenye breki, kuondoa kutu na kuunda injini upya zitarudi kwa sehemu kubwa, maana kila mnunuzi angezitumia. Zilizokwenda kwenye winchi, matairi na viti zinaweza kurudi zaidi vifaa hivyo vikifunguliwa na kuuzwa peke yake. Zilizokwenda kukata paa na kuchomelea chesi hazirudi, na mara nyingi hula zile nyingine.

Marekani, ambako malori mepesi ya kasi yana soko lake kamili, jambo hili limefika mbali zaidi kwa sababu takwimu zipo. GMC Syclone ya mwaka 1991, pikap ndogo ya V6 yenye tabo na nguvu farasi 280, ilitoka magari 2,995 tu mwaka huo, na jarida moja la magari liliipambanisha na Ferrari ikaitangulia. Mnunuzi anajua zilikuwa ngapi, na bei za minada huchapishwa baada ya nyundo kugonga. Kinachompandishia muuzaji bei huko ni gari lisiloguswa, au lililoguswa huku vipuri vya awali vikiwa katika sanduku. Kwetu bei inayoonekana ni inayoulizwa. Iliyolipwa hubaki kati ya watu wawili na dalali, kwa hiyo kila muuzaji hupima gari lake kwa ndoto ya muuzaji mwingine. Hili naliona kuwa dosari kubwa kuliko jedwali la uchakavu, na hakuna waziri wa kulaumiwa kwa hilo.

Wapo wanaomngoja mgeni. Ni kweli kwamba Marekani huruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia bila kufikia viwango vyake vya usalama, na pikap za mfululizo wa 70 hazikuuzwa huko zikiwa mpya, hivyo hamu ipo. Lakini msamaha wa upande wa moshi, unaoanzia miaka 21, unataka gari lenye injini yake ya awali au inayolingana nayo. Gari lililopandikizwa injini ya aina nyingine linaweza kukwama bandarini. Mgeni anayelipa vizuri analipia hasa kile ambacho mafundi wetu wamekuwa waking'oa.

Mbele si rahisi kusoma. Pikap za toleo la 79 zilizotoka kuanzia mwaka 1999 zimeanza kuvuka umri huo wa miaka 25, jambo linaloweza kuvuta bei za magari safi juu, au lisiwafikie wauzaji wa huku kabisa kwa sababu usafirishaji ni ghali na Japani na Australia nazo zina magari ya kuuza. Sheria za umri wa magari zinaweza kukazwa au kulegezwa. Yameahidiwa mambo mengi miaka iliyopita. Kwa gari lililobadilishwa sana naona dalili chache za unafuu, isipokuwa kwa yule anayekubali kuligawa: vifaa vyenye wanunuzi vifunguliwe, mabadiliko yaandikishwe, bei ianzie kwenye pikap safi ya mwaka uleule na kuteremka kwa kila kilichokatwa. Na kabla ya kupiga picha yoyote, gereji iliyofanya kazi iulizwe injini ya kwanza iko wapi. Kama bado imelala nyuma ya ukuta chini ya turubai, na namba yake ndiyo iliyo kwenye logbuku, iandikwe katika tangazo juu ya tabo.