Viktor Krovopuskov, bingwa wa enzi ya macho

Viktor Krovopuskov wa Moscow alicheza mashindano manne ya Olimpiki: la mtu mmoja mmoja na la timu huko Montreal mwaka 1976, kisha hayohayo mawili nyumbani kwao mwaka 1980. Katika yote manne alitwaa dhahabu. Rekodi hiyo husomwa haraka kwenye orodha za mabingwa, na kwa maoni yangu haieleweki mpaka ujue pointi zake zilihesabiwaje.

Silaha yake ilikuwa seba, mojawapo ya silaha tatu za mchezo wa vitara (fencing). Foili na epei hupata pointi kwa ncha tu. Seba hukata pia kwa makali, na shabaha yake ni mwili kuanzia kiunoni kwenda juu, pamoja na mikono na kichwa. Pigo hutoka vidoleni na kwenye kiganja, jepesi mno, na mara nyingi wachezaji hugusana kwa wakati mmoja. Hapo kanuni huuliza ni nani aliyekuwa na haki ya kushambulia. Anayetangulia kunyoosha mkono kumtishia mwenzake ndiye mwenye haki. Mwenzake sharti kwanza akinge, ndipo ajibu.

Katika Olimpiki, mapigo ya epei yalianza kusajiliwa kwa umeme, kwa taa inayowaka, mwaka 1936, ya foili mwaka 1956. Seba ilisubiri hadi 1992. Katika enzi yote ya Krovopuskov, kila pigo liliamuliwa na watu watano: mwamuzi mkuu na waamuzi wanne waliosimama pembeni, wawili wakimtazama mchezaji huyu na wawili yule. Kura ya mwamuzi wa pembeni ilihesabiwa moja, ya mwamuzi mkuu moja na nusu. Wawili wa upande mmoja wakikubaliana, mkuu ameshindwa. Wakitofautiana, neno lake ndilo la mwisho. Kwa hiyo kumpata mpinzani hakukutosha. Ilibidi pigo lionekane, na haki ya kushambulia ijulikane bila ubishi, mbele ya watu ambao huenda walipepesa macho. Kushinda mara moja katika hali hiyo kunaweza kuwa bahati. Kurudia, mbele ya waamuzi tofauti, ni kazi ya mtu ambaye mashambulizi yake yalisomeka waziwazi.

(Umeme nao una hila zake. Hukohuko Montreal, Boris Onishchenko, Msovieti wa pentathloni ya kisasa, mchezo wenye epei, alifukuzwa mashindanoni kwa epei iliyowasha taa bila kumgusa mtu.)

Kwa muda mrefu seba ilikuwa mali ya Hungaria. Kuanzia 1924 hadi 1964 kila dhahabu ya Olimpiki ya mtu mmoja mmoja ilikwenda kwa Mhungaria. Wasovieti waliifikia hatua kwa hatua: dhahabu ya timu mwaka 1964, kisha Viktor Sidyak akawa bingwa wa Olimpiki wa mtu mmoja mmoja mwaka 1972. Krovopuskov alipofika Montreal, wapinzani wake wakali walivaa jezi moja naye: Sidyak mwenyewe, akitetea taji, na Vladimir Nazlymov, bingwa wa dunia wa 1975. Krovopuskov akapata dhahabu, Nazlymov fedha, Sidyak shaba. Jukwaa zima likawa la nchi moja.

Dhahabu za Moscow hutiliwa shaka kwa sababu Marekani na nchi nyingine zilisusia Olimpiki hiyo. Katika riadha au kuogelea hoja hiyo ina uzito. Katika seba ni nyepesi, kwa kuwa Hungaria, Italia na Poland, vigogo wa silaha hiyo, walikuwepo. Katika shindano la mtu mmoja mmoja, fedha ilikwenda kwa Mikhail Burtsev, Msovieti mwenzake. Shaba kwa Imre Gedővári wa Hungaria.

Kati ya Olimpiki hizo mbili alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1978, kisha tena 1982, akikaribia miaka 34. Mwaka 1984 Umoja wa Kisovieti nao ukasusia Los Angeles. Krovopuskov, aliyekuwa na dhahabu mbili mfululizo za peke yake, hakupata nafasi ya kutafuta ya tatu. Taji lake likachukuliwa na Mfaransa Jean-François Lamour, ambaye alilitetea Seoul mwaka 1988, katika Olimpiki ya mwisho ya seba kuamuliwa kwa macho.