Mradi wa gunia: pesa huliwa na picha

Miradi ya CBC, mtaala wa umilisi wa Kenya, hukumbukwa Jumapili jioni, maduka yakifungwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mpwa wangu wa Gredi ya 8. Kikundi chao kilitakiwa kuandaa, kufikia Ijumaa, mwongozo wenye picha, wa kusomwa kwenye intaneti, unaoeleza namna ya kulima sukumawiki ndani ya gunia. "Auntie, mwalimu amesema tufungue tovuti." Mama yake aliuliza neno moja tu: pesa ngapi?

Tovuti yenyewe ni bure, na hapo ndipo wazazi hupigwa. Safari iliyopita jamaa mmoja wa mtaani alitutoza shilingi 4,500 kwa tovuti yenye anwani ya .co.ke. Anwani ya namna hiyo hulipiwa kila mwaka, takriban shilingi elfu moja, na juu yake kuna kodi ya mahali pa kuhifadhi kurasa. Mwaka wa pili hakuna aliyelipa, kazi ya watoto ikapotea. Google Sites, Blogger na WordPress.com hukupa anwani bila malipo, ingawa WordPress.com hubandika matangazo kwenye kurasa za bure, na mwalimu akifungua mradi wa sukumawiki anaweza kukutana na tangazo la viatu.

Kinachogharimu ni kifaa. Google Sites inapendeza, lakini imetengenezwa kwa watu wa kompyuta. Usipokuwa na laptopu utaenda saiba, na kwetu dakika ni shilingi moja. Watoto wanne wakianza kubishana kuhusu rangi ya kichwa cha ukurasa, saa mbili zimeisha, shilingi 120 zimekwenda na hatua ya pili haijaandikwa. Mwenye simu pekee achukue Google Slides: programu yake hufanya kazi vizuri kwenye simu, kila hatua inapata ukurasa wake, kisha unatoa kiungo ambacho yeyote aliye nacho anaweza kusoma. Si tovuti kamili, kwa hiyo muulizeni mwalimu mapema kama ataikubali. Na mtoto akiwa hajafika miaka 13, akaunti ya Google ifunguliwe na kusimamiwa na mzazi.

Chaguo jingine ni Canva, yenye mapambo mengi kuliko zote. Jihadharini na vitu vyenye alama ya taji, kwani hivyo ni vya kulipia. Walimu wa msingi na sekondari waliothibitishwa hupewa toleo la elimu bure pamoja na wanafunzi wao, lakini sharti mwalimu ndiye ajiandikishe.

Watoto walitaka wikiHow au Instructables, tovuti za miongozo zilizoanza 2005. Nilikataa. Zisomeni mjifunze jinsi hatua inavyoandikwa kwa sentensi fupi, lakini hazina Kiswahili, na kazi yetu ilikuwa ya Kiswahili. Isitoshe, wikiHow huruhusu watu wengine kuhariri makala yako. Mwalimu atampa nani alama?

Sasa picha. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, na katikati husimamishwa mkebe uliotolewa kitako, ukajazwa kokoto. Udongo ukishapanda kuuzunguka, mkebe unavutwa juu, unajazwa tena, hadi nguzo ya kokoto ifike mdomoni mwa gunia. Nguzo hiyo ndiyo inayoshusha maji hadi kwa miche iliyopandwa kwenye matundu ya ubavuni. Jaribuni kuipiga picha! Tulipiga 17, zote giza tupu. Mwishowe mpwa wangu alichukua penseli akachora gunia lililopasuliwa wima kama papai, kokoto katikati, mishale ya maji ikielekea pembeni. Ni karatasi moja tu, lakini ndiyo picha iliyoeleweka kuliko zote. Tangu hapo ushauri wangu ni kwamba simu ipige mikono na vifaa, na kisichoonekana kwa macho kichorwe.

Picha ya simu ya siku hizi huweza kufika megabaiti 4. Kumi na mbili ni 48, nazo zitamaliza bando dogo kabla hujaanza kuandika. Jitumieni kwanza kwa WhatsApp kama picha za kawaida, si kama dokumenti, mzihifadhi upya: nyingi hushuka hadi kilobaiti mia chache, na taarifa za mahali zilipopigwa huondolewa, jambo ambalo mzazi hapaswi kulidharau. Video tuliiacha. Dakika moja iliyo safi inaweza kufika megabaiti 100, na mkebe ungebaki gizani vilevile.

Tulimaliza kwa Google Slides, michoro mitatu na picha tisa. Bando lilikuwa la shilingi 50, penseli ilikuwepo nyumbani. Alhamisi ukaja ujumbe kwamba kila kikundi kilete pia nakala iliyochapishwa kwa rangi: kurasa 12, shilingi 30 kila moja, jumla 360. Walimu wetu, tunawaomba: mkishasema mwongozo uwe wa mtandaoni, usomeni mtandaoni.