Karatasi Yenye Maneno ya Mwanafunzi

Kozi nyingi za mtandaoni humpa mwanafunzi vitu viwili vya kupakua: cheti chenye jina lake na PDF ya muhtasari wa somo. Cheti huambatanishwa kwenye maombi ya kazi. Muhtasari hubaki kwenye simu, haufunguliwi tena. Si ajabu, kwa kuwa ni uleule kwa kila mtu, wa hospitali ya rufaa na wa zahanati yenye ndoo moja ya maji. Kitu cha tatu chenye faida kuliko vyote viwili bado hakitolewi inavyostahili: karatasi inayobeba majibu aliyoandika mwanafunzi mwenyewe akiwa anasoma.

Chukua somo la usafi wa mikono kwa wauguzi. Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi kama kuweka kanula, baada ya kukaribiana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Kozi ya kawaida huziorodhesha, ikauliza maswali ya kuchagua, ikaisha. Kozi nzuri husimama hapo na kuuliza: katika zamu yako, ni upi kati ya nyakati hizi unaokuponyoka? Kisha humpa muuguzi sentensi aimalizie. Muuguzi anaandika: "Nikimaliza kumpima mgonjwa presha, kabla sijashika faili la anayefuata, nitapaka sanitaiza iliyo kwenye toroli." Mwisho wa somo anabonyeza kitufe, unatoka ukurasa mmoja: juu jina la wodi yake, katikati sentensi yake kwa herufi kubwa, chini mambo aliyochagua kukumbushwa, mathalani kwamba sanitaiza inataka sekunde 20 hadi 30, na sabuni na maji sekunde 40 hadi 60.

Sayansi iko upande wa karatasi hiyo. Mwaka 1978, Norman Slamecka na Peter Graf wa Chuo Kikuu cha Toronto walionesha kwamba watu waliopewa neno moja pamoja na herufi ya mwanzo ya neno la pili, wakalibuni wenyewe, walilikumbuka zaidi kuliko wale waliosoma maneno yote mawili yakiwa tayari. Jibu alilolitafuta mtu mwenyewe humkaa kichwani.

Lakini kukumbuka si kutenda, na hapa ndipo utafiti wa mwanasaikolojia Peter Gollwitzer unanigusa zaidi. Mwaka 1997, yeye na Veronika Brandstätter waliwataka wanafunzi nchini Ujerumani waandike ripoti fupi ya jinsi walivyouadhimisha mkesha wa Krismasi, na waiandike ndani ya siku mbili baada ya mkesha. Nusu yao waliambiwa waamue mapema ni saa ngapi na wapi watakaa kuiandika. Katika kundi hilo, karibu robo tatu walitimiza. Katika kundi lingine, theluthi tu. Mapitio ya majaribio 94, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalithibitisha kuwa mpango wa namna hii husaidia kweli. Sentensi ya muuguzi wetu ndiyo mpango wenyewe: tukio fulani likitokea, kitendo fulani kinafuata.

Utengenezaji wa karatasi hiyo hauna miujiza. Kila jibu huhifadhiwa kwenye kigeu, yaani nafasi yenye jina ndani ya programu. Kitufe kikibonyezwa, maktaba ya JavaScript kama jsPDF huchukua vigeu hivyo na kuvipanga juu ya ukurasa wa A4, milimita 210 kwa 297, kila mstari ukiambiwa uanzie wapi. Kazi yote hufanyika ndani ya kivinjari, kwa hiyo somo likishafunguka kikamilifu, hata bando likiisha faili litatoka. Kiswahili kimebahatika: fonti za kawaida zinakitosha, ilhali Kiamhari au Kiarabu kinadai fonti yake ipachikwe.

Mitego ipo. Jibu refu lisipokatwa mistari hutoka nje ya ukingo wa karatasi na kupotea. SCORM 1.2, mfumo wa mwaka 2001 wa kuunganisha kozi na jukwaa la mafunzo, ambao bado unatumika, huruhusu herufi 4,096 tu za kumbukumbu ya mwanafunzi aliyeahirisha somo. Akiandika sana, akirudi kesho huenda asiyakute maneno yake. Afadhali maswali matatu mafupi kuliko kumi marefu.

Kubwa kuliko hayo ni siri. Muuguzi akijua kwamba majibu yanamfikia bosi, ataandika ya kumpendeza bosi, na karatasi itakuwa imekufa kabla ya kuchapishwa. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, lakini heshima hii isingoje sheria: juu ya kila kisanduku iandikwe wazi nani ataona jibu, na kwenye kompyuta ya wodi inayotumiwa na wengi akumbushwe kulifuta faili baada ya kuprinti.

Na aliyeruka swali? Asiadhibiwe. Mahali pa jibu lake ziwekwe nukta za kutosha, ajaze kwa kalamu akiwa kwenye zamu, pale ambapo jibu lenyewe lipo.