Saa Moja Iliyopotea Kati ya Kabonga na Kigoma

Tuseme mama muuza ndagala anapanda boti ya injini Kabonga, Burundi, saa 12 asubuhi kuelekea Kigoma, Tanzania, na safari inachukua saa 3. Akishuka, saa yake ya mkononi inasema saa 3, ya ukutani pale gatini inasema saa 4. Zote mbili ni sahihi. Burundi inafuata saa za Afrika ya Kati na Tanzania inafuata za Afrika Mashariki, zilizotangulia kwa saa nzima. Watu wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, ambao wengi wao wana ndugu pande zote mbili za mpaka, huuliza tu, "Saa ya huku au ya kule?" Programu ya kupanga usafiri haiulizi mpaka ifundishwe.

Programu hizi hupewa ramani ya barabara na njia za majini, ratiba za vyombo, na idadi ya wasafiri. Kisha hukadiria nani atapita wapi, kwa chombo gani, kwa muda gani. Makadirio ya namna hiyo ndiyo hutumika kupima kama barabara inastahili fedha. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mradi wa barabara wa kilomita 45 kati ya Rumonge na Gitaza upande wa Burundi, pamoja na kilomita 260 za Kabingo, Kasulu hadi Manyovu upande wa Tanzania. Kwenye miradi mikubwa hivyo, kosa dogo la hesabu si dogo tena.

Turudi kwenye boti. Programu inayotoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, bila kujali nchi, itasema kwenda Kigoma ni saa 4 na kurudi ni saa 2. Mpangaji akichukua wastani atapata saa 3, jibu sahihi kabisa, na kosa litajificha humo kwa miaka. Litafichuka siku ya kuunganisha safari. Ikiwa basi linaondoka Kigoma saa 3 na nusu kwa saa za Tanzania, programu iliyojumlisha saa 3 za safari juu ya saa 12 ya Kabonga itamwambia mama ana nusu saa ya kusubiri. Kumbe basi lilishaondoka nusu saa kabla boti haijatia nanga.

Dawa yake inajulikana. Katika muundo wa GTFS, unaotumika kuandika ratiba za usafiri sehemu nyingi duniani, kampuni hutaja ukanda wake wa saa, vituo vyote huandikwa kwa saa hiyo moja, halafu abiria huonyeshwa saa ya mahali kituo kilipo.

Mpaka huu unafichua makosa mengine pia. Burundi magari hupita kulia, Tanzania kushoto. Programu huongeza sekunde kadhaa pale gari linapokata kona mbele ya magari yanayokuja: kwa Burundi ni kona ya kushoto, kwa Tanzania ni ya kulia. Iliyoandikwa kwa nchi moja itakosea kila kona mara gari likishapita Mugina kuingia Manyovu. Halafu kuna saa ya Kiswahili. Karani akimuuliza msafiri ameondoka lini, akajibiwa saa 2, akaandika 2 badala ya 8, kompyuta itaona umati wa watu barabarani usiku wa manane.

Na kuna ziwa lenyewe. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga kule Kalemie, na kina chake hupanda na kushuka kwa vipindi virefu. Mwaka 2024 maji yalivamia makazi ya ufukweni, Rumonge ikiwemo. Hapo kanuni za programu zinaweza kuwa nzima, ila ramani ndiyo imepitwa na wakati. Kipande cha barabara kilichofunikwa na maji kisifutwe. Kiwekewe tarehe ya kufungwa, na siku kikifunguliwa iandikwe, ili anayechunguza safari za mwaka uliopita aikute barabara kama ilivyokuwa.

Marekebisho ya kweli huanza na taarifa nzuri. "Programu yenu mbovu" haimsaidii fundi. Kinachomsaidia ni taarifa kama hii: nimetumia toleo fulani, nimeingiza boti ya saa 12 kutoka Kabonga, nilitarajia ifike saa 4 za Tanzania, imeniambia saa 3. Fundi huirudia safari hiyo mpaka alione kosa kwa macho yake, hutafuta chanzo, hurekebisha, kisha huibakiza safari hiyo ndani ya programu kama jaribio. Kila toleo jipya litapitishwa Kabonga kabla ya kutolewa, na likishindwa halitoki.

Mpangaji naye ana wajibu. Asisasishe programu katikati ya utafiti bila kuhifadhi toleo la zamani. Aendeshe yote mawili kwa takwimu zilezile, alinganishe, na aandike namba ya toleo ndani ya ripoti. Matoleo mengi husomeka hivi: kutoka 3.4.0 kwenda 3.4.1 ni kurekebisha kasoro, kwenda 3.5.0 ni kuongeza uwezo, na 4.0.0 ni mabadiliko yanayoweza kuvunja kazi za zamani. Lakini hata namba ya mwisho ikibadilika peke yake, makadirio yanaweza kuhama.

Karibu makosa yote haya yana chanzo kimoja: mwandishi wa programu alidhani kila mahali ni kama kwao, kwenye saa moja, upande mmoja wa barabara na ufuko usiohama. Wa kwanza kuona kwamba sivyo ni yule aliyesimama gatini na kapu la ndagala. Namwomba mpangaji yeyote anayefika mwambao huu amuulize huyo saa ngapi alifika, kisha aulize saa ya wapi.