Kuvu ya miguu kwa wenye ugonjwa wa sukari

Mzee mmoja wa ushirika wetu alinionyesha mguu wake. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa nyeupe, imepasuka. Ukucha wa kidole kikubwa umenenepa na kuwa wa manjano. «Hauniumi, Pasta,» akasema. Hapo ndipo penye hatari.

Ana ugonjwa wa sukari. Sukari ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, basi mguu hausikii maumivu. Damu hufika kidogo, kinga ya mwili hulegea. Kuvu hupenda joto na unyevu, na ndani ya buti za plastiki hupata vyote viwili. Ngozi ikipasuka vijidudu vingine huingia, na wako waliokatwa mguu kwa mwanzo mdogo namna hii.

Wapendwa, osheni miguu kila siku, mkaushe vizuri katikati ya vidole, msipake mafuta pale. Kucha msizikate kwa wembe. Na zile pomadi za kung'arisha ngozi zinazouzwa sokoni? Baadhi zina kotizoni: mwasho hutulia, kuvu huenea. Nendeni kituo cha afya. Ngozi hupona kwa majuma machache, lakini ukucha mpya wa kidole kikubwa huchukua mwaka au zaidi kukua. Mzee wetu ameanza dawa, na sukari yake inapimwa.