Majina ya Eropleni za Manowari

Jioni hii twataka kueleza habari ya majina ya eropleni za kupigana zilizoruka kutoka juu ya manowari katika vita vya mwaka 1939 hata 1945. Mtu asiyezoea akisoma F4F-4 hudhani ni hesabu ya shule. Lakini kila alama ilikuwa na kazi yake.

Kwa Wamarekani, F ya kwanza ilionyesha eropleni ya kupigana na eropleni nyingine. Tarakimu 4 ilionyesha mtindo wa nne wa namna hiyo uliotoka kwa mtengenezaji yule. F ya pili ndiye mtengenezaji mwenyewe, Grumman. (G ilikuwa imekwisha kupewa wengine.) Tarakimu ya mwisho ilionyesha mabadiliko, na hapo ndipo palipokuwa na maisha ya watu.

F4F-3 ilikuwa na bombomu nne, kila moja na risasi 450. F4F-4 ilitiwa bombomu sita, na mabawa yake yalikunjwa kama ya ndege aliyetua. Upana wake wa futi 38 ukawa futi 14 na inchi 4, hata manowari moja ikachukua eropleni nyingi zaidi. Faida hiyo ilikuwa kubwa. Lakini uzito uliongezeka, na kila bombomu ilibaki na risasi 240 tu. Rubani wa F4F-3 aliweza kupiga kwa muda wa nusu dakika na zaidi. Mwenzake wa F4F-4 kwa sekunde 20 hivi, kisha mikono mitupu. John Thach, aliyepigana karibu na Midway mwezi wa Juni 1942, alieleza wazi katika taarifa yake kwamba eropleni hiyo ilishindwa na Zero za Wajapani kwa kupanda, kwa kugeuka na kwa mwendo.

Waingereza waliiita eropleni hiyo Martlet. Mwezi wa Mei 1942 Martlet za manowari Illustrious zilipigana juu ya Diego Suarez, katika kisiwa cha Bukini. Na mwaka ule ule Kilindini, Mombasa, palikuwa makao ya manowari zao za Bahari ya Hindi. Mwaka 1944 waliacha jina hilo, wakafuata la Wamarekani, Wildcat.

Baadaye kazi ya kuziunda ilipewa General Motors, ambao herufi yao ilikuwa M. Basi F4F-4 ilipotoka kwao iliitwa FM-1, nayo ikarudishiwa bombomu nne na risasi nyingi zaidi kwa kila moja. Ikafuata FM-2, yenye mkia mrefu zaidi na injini ya mtengenezaji mwingine kabisa, nayo ilifaa sana kwa manowari ndogo. Kwa macho zilifanana kama pacha. Lakini mtunza stoo aliyepeleka vyombo vya injini ya FM-1 kwa mafundi wa FM-2 alirudishiwa sanduku lake, na eropleni ikabaki chini.